Kuvisha Upinde Bila Kusemezana

Kabla ya yote: ile tupa nyembamba ya mviringo, yenye mpini niliouzungushia kitambaa chekundu, msimwazime mtu. Wala msinolee msumeno kwayo. Nimekatia mikato ya pinde kwa tupa hiyo tangu nilipoingia karakana ile, na inajua kazi moja tu, kama mimi.

Nimeacha kazi kwa sababu ya vidole. Gumba la mkono wa kulia halikunjiki asubuhi mpaka nimelipasha moto kwenye kikombe cha chai, na mtu asiyekunja gumba hawezi kuvisha upinde upote wake, ile kamba ya kurushia mshale. Anko Ronnie aliniomba niandike ninayoyajua kwa ajili yenu wawili mliorithi meza yangu. Alitaka niandike kwa Kiingereza ili naye asome. Nilimjibu kwamba Kiingereza changu ni cha kununulia mkate. Nitaandika Kiswahili, tena kile cha shuleni, maana mmoja wenu katoka Bukavu na mwingine katoka Mwanza, na mkifika mbele mtaona kwa nini jambo hilo linanitia wasiwasi.

Nilifika Durban mwaka 2008 nikitokea Lubumbashi. Nilikuwa seremala wa milango na vitanda. Mke wangu nilimwacha kwao, tukiwa tumekubaliana kwamba nikishapata kazi na chumba, atanifuata. Hatukuwa na mtoto. Chumba nilipata Cato Manor, kazi nikaitafuta kwa miguu, kila duka la fanicha mjini, hadi Jumapili moja kanisani mtu akaniambia kwamba kuna Mhindi mmoja huko juu Berea anatafuta fundi anayejua randa. Sikuuliza randa ya kutengenezea nini.

Karakana mnaijua, ile gereji pana nyuma ya nyumba. Wakati ule ilikuwa na vumbi zaidi. Anko Ronnie alitoka mlangoni na penseli sikioni, akanitazama mikono kabla ya uso, akanipa kipande cha ubao kilichochongwa ncha na tupa ya mviringo. Akasema nimkatie mfereji wa kukalia kamba. Nikakata mzuri kabisa, umezunguka ncha yote kama pete. Akauchukua, akaugeuzageuza kwenye mwanga, akauweka gotini na kuuvunja. Ulivunjika pale pale nilipokata. Akachukua kipande kingine akanipa, akaenda zake kunywa chai.

Hilo ndilo somo la kwanza na mimi nawapeni bila kuvunja kitu. Upinde una mgongo na una tumbo. Mgongo ni upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaokutazama wewe mpigaji. Ukivutwa, mgongo unavutika na tumbo linajibana. Kwa hiyo mgongo hauguswi na tupa, hata kidogo. Mkato unakaa ubavuni, kulia na kushoto, ukianzia karibu na mgongo na kuteremka mshazari kuelekea tumboni na chini kwenye mshiko, kwa sababu ndiko upote unakotaka kwenda. Kina chake ni unene wa upote, basi. Ukimaliza, piga msasa kingo zote mpaka ukipitisha ukucha usikwame. Mkato wenye kingo kali ni kisu, na mteja hatajua kwa nini kila mwezi ananunua upote mpya. Kuna mafundi wanaopenda wateja wa namna hiyo. Anko Ronnie hakuwa mmojawapo.

Siku hiyo hiyo ndipo nilipokutana na Mama Neema. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, nyuzi zimening'inia misumarini mbele yake, anasokota huku anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya puani. Nikasikia maneno, nikasimama. Kilikuwa Kiswahili. Nilikuwa nimezoea kukisikia kanisani na kwenye saluni za mjini, si kwenye gereji ya Mhindi.

"Karibu, kaka," akasema bila kuinua macho. "Umevunjiwa kimoja au viwili?"

"Kimoja."

"Basi una kipaji. Aliyekutangulia alivunjiwa mpaka kuni zikatosha kupikia."

Mama Neema alikuwa mtu wa Singida, mjane, umri wake kama wangu au kunipita kidogo. Zamani alisuka nywele kwenye saluni ya mjini. Mke wa Anko Ronnie alikwenda pale kumpeleka mtu, akamwona akimsuka mteja nywele za kusokota, mafungu mawili mawili, akarudi nyumbani akamwambia mumewe: kuna mama anasokota nywele vile vile unavyosokota upote, ila yeye hatukani. Wiki iliyofuata Mama Neema alikuwa dirishani.

Yeye ndiye aliyenifundisha upote. Gawa nyuzi mafungu mawili, pitisha kwenye nta ya nyuki. Kila fungu lisokote kwenda mbele, kisha livushe juu ya mwenzake kurudi nyuma. Kila moja linataka kufumuka, na kwa kutaka kufumuka linamkaza mwenzake. Juu unatengeneza kitanzi, chini unaacha mkia wa kufunga fundo, ili upote ukirefuka kwa joto ufupishwe. Katikati, pale panapokaa mshale, unazungushia uzi mwingine wa kulinda. Nywele, alisema, zinalalamika ukivuta sana, upote haulalamiki, kwa hiyo sikiliza vidole vyako.

Majuma yale ya mwanzo yalikuwa mazuri. Nilikuwa nimeishi miezi katika mji ambao maneno yangu yote ya kutumia kwenye teksi yalikuwa "robot", yaani taa za barabarani, na "thank you", na sasa nilikuwa na mtu wa kunitania kutwa nzima. Alinicheka Kiswahili changu.

"Kwenu kila kitu iko. Chai iko, mvua iko, Mungu iko. Hakuna kinachokuwepo?"

"Na kwenu kila kitu ni naomba," nikamwambia. "Naomba maji, naomba njia. Munaomba mupaka hewa."

Tulicheka sana. Tulidhani tumeshazimaliza tofauti zetu zote, tumezipanga mezani na kuzihesabu.

Siku moja, kabla ya chakula cha mchana, simu yangu ililia. Alikuwa shemeji yangu wa Lubumbashi. Mke wangu aliugua tumbo usiku, wakampeleka hospitali asubuhi, akafariki. Shemeji aliongea haraka kwa sababu ya gharama, na mimi nilisimama chini ya mti wa parachichi wa Anko Ronnie nikisema ndiyo, ndiyo, kana kwamba ananipa vipimo vya mlango. Halafu simu ikakatika. Nikarudi ndani. Anko Ronnie alikuwa ametoka kwenda kununua pembe. Alikuwepo Mama Neema peke yake, ana uzi mdomoni. Nikamwambia.

"Mama Neema, bibi yangu anakufa."

Akatoa uzi mdomoni, akanitazama kwa huruma.

"Pole sana, kaka yangu. Lakini usiumie kupita kiasi. Bibi yako naye kala chumvi nyingi, tumshukuru Mungu. Mwache aende, usimzuie kwa machozi."

Akanigusa bega, akarudi kwenye uzi wake. Baada ya muda kidogo nikasikia ameanza tena kuimba, polepole.

Kwetu chumvi ni chumvi. Msemo ule sikuujua, nikauelewa nilivyouelewa: kwamba mke wangu amefaidi vya kutosha, aondoke. Mwanamke wa miaka thelathini na nne. Nilisimama pale na tupa mkononi na nikahisi kama mtu aliyebisha hodi kwa jirani usiku wa mvua, akafungiwa mlango huku anaambiwa karibu.

Kwenda kuzika sikuweza. Karatasi zangu za ukimbizi zilikuwa bado ofisini, na ukitoka nchini bila karatasi huna pa kurudi. Matanga hayakuwapo. Nyumbani watu wangejaa, wangelala nje pamoja nami, wangepika, wangelia kwa zamu hata mimi nikichoka kulia. Cato Manor nilikuwa na kitanda, jiko la umeme la sahani moja, na jirani aliyependa redio. Jumapili mchungaji alitangaza msiba wangu kati ya mkutano wa akina mama na gari lililozuia mlango. Watu wakasema pole wakitoka, wanawahi teksi. Hakuna aliyekuja kuketi nami. Sikuwalaumu. Hawakunijua, na mke wangu hawakuwahi kumwona. Aliyenijua alikuwa mmoja tu, na yeye alikuwa ameshasema lake.

Tangu siku hiyo sikumsemesha Mama Neema. Salamu nilijibu, maana nililelewa. Zaidi ya hapo, kimya. Mwanzoni aliniacha, akidhani ni majonzi. Baadaye alijaribu. Aliniletea maandazi, nikayaweka pembeni wakayala tumbili, wale wa Berea wanaoingia dirishani kama wenye nyumba. Kila Ijumaa jioni akivaa viatu vyake vya kuondokea aliniambia, "Wasalimie nyumbani." Nilikuwa najiuliza nyumbani nimsalimie nani, na namna gani mtu anaweza kuwa mkatili hivyo kila Ijumaa na uso umekunjuka.

Sasa mnajua kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Upinde mpya ukivishwa kwa mara ya kwanza, mmoja anauvuta kidogo kidogo kwenye kigingi ukutani, mwingine anasimama mbali na kutazama kama mikono miwili ya upinde inakunjika sawa. Anayevuta haoni. Anayeona havuti. Lazima waambizane: wa kushoto mgumu, kwangua hapa, wa kulia unazidi. Sisi tukawa na njia yetu. Mama Neema alishika penseli, akagonga meza mara moja kwa kushoto, mara mbili kwa kulia, na kukwaruza kwa penseli maana yake acha hapo hapo. Sikumbuki nani alianza. Anko Ronnie alipoona alifurahi sana. Alikuwa akiwaleta wateja mlangoni, anawaonyesha kwa kidole, anawaambia kwa sauti ya chini kwamba hawa Waafrika wa kati wana mbinu ya kale, hawazungumzi mbele ya upinde ambao haujakamilika. Wateja walivua kofia. Mmoja alitupiga picha.

Kazi ngumu kuliko zote ilitujia katika kipindi hicho. Mteja mmoja kutoka bara, mtu mrefu wa kuinama mlangoni, alitaka upinde mzito wa vita kama wa zamani wa Waingereza, wa kumzidi urefu, wenye ncha za pembe. Pembe tulinunua kwa wauza mitishamba wa mjini, ambao walituuliza tunamroga nani. Unaichemsha ili mfupa wa ndani utoke, unakata ncha, unatoboa tundu lenye umbo la karoti, na ncha ya upinde unaichonga iingie humo bila kucheza hata kidogo. Halafu gundi. Mkato sasa unaukata kwenye pembe, wala si kwenye mbao, na pembe hunuka kama nywele zilizoungua. Mama Neema alisema inamkumbusha saluni. Alisema peke yake, kwa dirisha.

Ilipofika kuuvisha upote, hakuna aliyeweza peke yake. Upinde wa kawaida unaweka ncha ya chini kwenye kifundo cha mguu, unavuta mshiko kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia unasukuma kitanzi kipande juu mpaka kidondokee kwenye mkato. Huu ulikuwa haukubali. Ilibidi mimi niushike ncha zote mbili na kuukandamiza kwa goti dhidi ya benchi lililofungwa ngozi, na Mama Neema asukume kitanzi. Kikiteleza, upinde unafunguka na chochote kilicho mbele yake, meno au jicho, kinaondoka nao. Uso wake ulikuwa karibu na ncha, karibu na wangu. Kwa kugonga penseli tusingeweza, hakuna aliyekuwa na mkono wa ziada.

"Vuta," akasema.

Nikavuta.

"Kidogo tena."

"Sina."

"Unayo, kaka."

Nikapata. Kitanzi kikaingia. Tulikaa chini wote wawili tukihema, na nadhani alingoja niseme kitu. Niliinuka nikapima nafasi kati ya upote na mshiko kwa ngumi yenye gumba lililosimama, kama inavyotakiwa. Ilikuwa sawa. Nikaenda kunawa.

Miaka ikapita hivyo. Joto la Durban mnalijua, linaingia kwenye mbao kama maji kwenye mkate. Pinde zilizokamilika zihifadhini kwenye kabati lenye taa inayowaka mchana na usiku, upote umevuliwa. Upinde unaoachwa umevishwa unajifunza kupinda na hausahau. Mteja akitaka kujaribu, msimruhusu kuvuta na kuachia bila mshale. Nguvu ile haina pa kwenda, inarudi kwenye mbao. Nimeona upinde mzuri ukifanywa vijiti na daktari wa meno aliyetaka kusikia tu mlio wake. Aliusikia.

Asubuhi moja mwaka 2011 Mama Neema aliingia amechelewa, macho mekundu, ana begi la safari. Anko Ronnie alikuwa ameshamwita teksi. Alikuja mezani kwangu na kusimama mbele yangu.

"Kaka Ilunga, bibi yangu amefariki."

Niwaambie ukweli, kwa zaidi ya miaka miwili nilikuwa nimeliweka tayari neno la kumrudishia siku msiba ukimfikia. Amekula chumvi nyingi, mwache aende. Nilikuwa nalijaribu kichwani nikipiga msasa. Siku ile ilikuwa imefika na neno lilikuwa mdomoni. Lakini lililotoka ni jingine, kwa sababu nilishangaa kweli.

"Weye mwanamuke, bibi unamutosha wapi?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Bibi, kaka. Bibi yangu. Mama yake mama. Ndiye aliyenilea."

Kwetu bibi ni mke, na kumutosha ni kumtoa. Mama yake mama ni nkambo, wala hakuna mtu Lubumbashi atakayekosea. Na kwetu ukisema mtu anakufa, ameshakufa. Kama bado anapumua utasema eko anakufa. Mama Neema siku ile alisikia kijana wa watu anasema nyanya yake mzee yuko kitandani anakata roho. Akamfariji kama Wasingida wote wanavyomfariji mjukuu wa kikongwe: ameishi sana, ameona mengi, mwache aende kwa amani. Kisha akaendelea na kazi, maana kifo cha kikongwe si cha kuacha uzi. Na zile Ijumaa zote aliponiambia niwasalimie nyumbani, alikuwa anamsalimu mke wangu.

Teksi ilipiga honi. Mama Neema akafuta macho kwa kiganja.

"Nilijua wewe utanielewa," akasema. "Wako naye alikulea?"

Nikajibu, "Ndiyo." Sikuwa nimedanganya sana. "Pole, Mama Neema."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina tangu ule msiba wangu, naye alilisikia, nikamwona amelisikia. Akasema atarudi baada ya arobaini. Ningemwambia nini pale? Mtu anakwenda kumzika aliyemlea, nimkamate mkono na kumpa na msiba wangu aupakie kwenye begi? Nikasema moyoni, akirudi. Nikapanga hata maneno, ya Kiswahili cha kwao, ili safari hii yasipotee njiani.

Hakurudi. Wajomba walianza kugombania nyumba ya marehemu, akabaki kuilinda, kisha akabaki tu. Namba yake ya Durban ilikufa. Zile pote alizoziacha msumarini nilizitumia zote mwaka huo huo. Sikuweka hata mmoja wa ukumbusho, upote si picha.

Anko Ronnie hakuajiri mwingine. Macho yake yalikuwa yameanza kumwacha na alishinda mbele na wateja. Nikatafuta kioo cha kabati la zamani, nikakitundika ukutani mkabala na kigingi, ili nikivuta upinde niuone mwenyewe. Ndicho kile kioo mlichonicheka nacho. Kinafaa, ila kulia kinakuwa kushoto, kumbukeni hilo kabla ya kukwangua. Nilivisha pinde zangu mbele ya kile kioo karibu miaka minne. Nilikuwa mpweke, naandika hivyo bila kuzungusha. Kabla yake nilikuwa nimekaa kimya na mtu, na nilidhani huo ndio upweke. Kukaa kimya bila mtu ni kazi nyingine. Wakati mwingine nilijikuta ninagonga meza kwa kidole, mara moja, kushoto, kisha nakwenda kukwangua kushoto kama niliyeamriwa. Na yale maneno niliyoyapanga kumwambia nilikuwa nayarudia kila wiki, nikibadilisha hapa na pale. Niliyapiga msasa mpaka yakaisha.

Mwaka huu gumba likakataa. Mkaja ninyi, nikawaonyesha nilivyoweza, tukanywa chai na keki ya mke wa Anko Ronnie, nikashuka zangu Cato Manor na kifurushi cha nguo za kazi.

Juma lililofuata simu ililia, namba ya Tanzania.

"Kaka Ilunga. Mimi Mama Neema wa nyuzi. Nimempigia Anko Ronnie kumsalimia, kaniambia umestaafu."

Nikasema ndiyo. Nikasema gumba. Akasema pole, akaniuliza kama tumbili bado wanaiba nta, nikasema bado. Sauti yake ilikuwa imezeeka kidogo.

"Sasa si urudi kwenu," akasema. "Mkeo maskini amekusubiri miaka yote hii. Mwanamke gani mvumilivu hivyo siku hizi."

Katika maneno yote niliyoyapanga, hakuna lililokuja. Nikasema kama lilivyo.

"Mama Neema, mke wangu alifariki."

"Uuwi. Lini tena?"

"Mwaka ule wa kwanza. Nilikuambia. Nilikuambia bibi yangu anakufa."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anatwanga kwa mbali. Nilidhani simu imekata, nikaitazama, sekunde zilikuwa zinaendelea.

"Bibi," akasema mwishowe, polepole, kama anayeonja. "Ulikuwa unasema mke."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakuambia kala chumvi."

"Ndiyo."

"Alikuwa na umri gani?"

Nikamwambia.

"Kaka. Alikuwa anaitwa nani?"

Katika miaka yote ya Durban hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Kanisani walimtangaza kama mke wa ndugu yetu.

"Feza."

Mama Neema akalia. Hakulia kama watu wanavyolia kwenye simu. Alilia kama anayeingia mlangoni kwenye matanga, kwa sauti yote, akimwita kwa jina: Feza, mdogo wangu, Feza, tulikuwa hatujaonana, Feza, umemwacha kaka yangu na nani. Nilisikia watu wa kwake wakimkimbilia, wanamuuliza kafa nani, naye akawajibu ni mke wa kaka yake.

Nilishuka kitandani nikakaa chini sakafuni, maana ndivyo mfiwa anavyokaa. Nikaanza na mimi. Tulilia hivyo, yeye Singida na mimi Cato Manor, mpaka vocha yake ikaisha.

Nikampigia mimi.